Sakafu ya mbao ya wazazi imechakaa: tuipige msasa au tuing'oe?

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia hivi, nami nimefupisha kidogo:

"Tumerithi nyumba ya wazazi karibu na Ngong Road, iliyojengwa miaka ya 1950. Sebule, ukumbi na vyumba vitatu vya kulala vina sakafu ya pakei, vile vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa mshazari. Mama alikuwa akiipaka polishi ya nta kila wiki hadi alipofariki. Sasa njia ya kupitia imekuwa nyeusi, ukumbini kuna vipande kama thelathini vinavyocheza ukivikanyaga, na karibu na mlango wa veranda kuna doa kubwa jeusi ambapo vipande vimebinuka. Kipande kimoja kiling'oka, mume wangu akakikata kwa msumeno: kizito ajabu, ndani kina rangi ya asali, na kilinukia vizuri. Fundi wa kwanza anasema sakafu imekwisha, tuing'oe tuweke vigae. Wa pili anasema atapiga msasa na vanishi kwa siku mbili. Mume wangu anataka vigae. Mimi moyo unakataa, lakini sitaki tutupe pesa kwa sababu ya kumbukumbu tu. Tufanye nini?"

Dada, pole kwa kumpoteza mama. Kwa maelezo uliyonipa, msiing'oe sakafu hiyo. Lakini pia fundi wa pili asiingize mashine yake kwanza, kwa sababu pale mlangoni pa veranda pana tatizo ambalo msasa hauliponyi, na ukipigwa mapema utaliongeza.

Mafundi wote wawili wameangalia kitu kimoja tu, uso wa sakafu. Mmoja kauona mweusi akasema mbao zimekwisha. Mwenzake kauona mweusi akasema utang'aa. Uso unakueleza jinsi sakafu ilivyotunzwa. Haukuelezi mbao zimebaki kiasi gani, wala chini yake kuna nini. Katika nyumba iliyopakwa nta miaka na miaka, weusi wa njia ya kupitia mara nyingi ni nta yenyewe iliyoshika vumbi na ule udongo wetu mwekundu, tabaka juu ya tabaka. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tapentaini, fungua madirisha, kisha sugua mahali peusi kwa dakika moja au mbili. Kitambaa kikitoka na uchafu wa kahawia na mbao ikaanza kuonekana, ulichoondoa ni uchafu, mbao bado ipo. Hapohapo ulipopasafisha, dondoshea tone la maji. Likikaa juu kama lilivyo, bado kuna kinga iliyoingia ndani ya mbao. Likinyonywa na mahali hapo pakawa na rangi ya giza, mbao iko wazi na inahitaji kupakwa upya. Hayo yote mawili bado si sababu ya kuing'oa.

Sasa kichukueni kile kipande kilichong'oka, maana ndicho shahidi mkuu. Kipime unene kwa rula. Pakei za vipande vizima za miaka hiyo kwa kawaida zilikuwa na unene wa milimita 20 hivi. Kisha tazama ubavuni kama kuna ulimi na mfereji vinavyoshikanisha vipande. Kama vipo, unene unaohesabika ni ule ulio juu ya ulimi peke yake, kwa sababu msasa ukifika kwenye mfereji ukingo wa juu unakuwa mwembamba na kuanza kumeguka. Kama ubavu ni laini, mbao karibu yote ni mtaji wenu. Kupiga msasa mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, huondoa kama nusu milimita mpaka milimita moja ikiwa mashine iko mikononi mwa anayeijua. Piga hesabu mwenyewe. Mkibaki na milimita 6 juu ya ulimi, wajukuu wenu nao watapiga msasa. Ikiwa ni chini ya milimita 3, mimi singeruhusu mashine kubwa. Ningesafisha kwa mkono na kupaka mafuta ya mbao. Usitegemee kipande kimoja pia, maana katikati ya ukumbi palikanyagwa kuliko pembeni. Inueni kingine kimoja kati ya vile vinavyocheza, mkilinganishe na cha kwanza.

(Wenye fleti zenye pakei nyembamba ya milimita 8, ile ya vijiti vitano vitano vilivyopangwa kwa miraba, hesabu yenu ni nyingine. Inavumilia msasa, lakini mara chache, na fundi mwenye mkono mzito anaweza kuimaliza kwa asubuhi moja.)

Halafu kuna mbao yenyewe. Uzito, rangi ya asali na harufu nzuri inapokatwa, katika nyumba ya Nairobi ya wakati huo, vinanifanya niamini kwamba mna muhugu. Watanzania wengine huuita mkarambati, na wataalamu wa miti Brachylaena huillensis. Ndio mti unaoukuta katika msitu wa Karura hapo Nairobi, na Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Shina lake mara nyingi limepinda na lina mifereji, kwa hiyo halitoi mbao ndefu. Ndiyo maana liliishia kuwa vipande vifupi vya sakafu na vinyago vya wachongaji wa Kikamba. Ukikauka, mita moja ya ujazo huzidi kilo 900. Harufu yake inakaribia ya msandali kwa sababu ya mafuta yaliyomo, na mafuta hayohayo yanasaidia kuufanya uwe mgumu kuliwa na mchwa. Uliwahi kusafirishwa hadi Ulaya kwa ajili ya sakafu za majengo yenye watu wengi, maana haukwaruziki kirahisi. Unakua polepole mno, umekatwa sana, na leo uko kwenye orodha ya miti inayokaribia kuwa hatarini. Mkiung'oa na kuutupa, hakuna duka mtakalokwenda kununua mwingine wa umri huo. Mafundi wengi huita kila mbao yenye wekundu "mahogani", kwa hiyo fundi akiwaambia "hii ni mahogani ya kawaida tu", msiichukue kama hukumu. Hata ikitokea kwamba ni mvule au mbao nyingine ngumu, hoja haibadiliki sana.

Naja kwenye doa la veranda, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza sakafu nzuri.

Vipande vilivyobinuka kingo juu na katikati chini vina maji mengi upande wa chini kuliko wa juu. Maji hayo yanatoka mahali fulani. Fundi akija leo akazisawazisha hizo kingo kwa mashine, kesho maji yakikauka mbao itarudi kwenye umbo lake, na sehemu aliyoikata pembeni itakuwa imekwisha. Mtabaki na vipande vyenye kifua katikati, na milimita mbili za mbao zimegeuka vumbi bure. Kwa hiyo kwanza tafuteni maji. Tokeni nje ya mlango huo mvua inaponyesha. Je, sakafu ya veranda inamwaga maji kuelekea nje au kuelekea mlangoni? Gata la juu yake limeziba? Kuna bustani ya maua iliyoinuliwa hadi juu ya msingi wa nyumba? Nyumba za umri huo mara nyingi zimeongezewa udongo nje kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ukapita ule mstari wa kuzuia unyevu ukutani, na ukuta ukaanza kuvuta maji. Koleo la mfanyakazi wa bustani linaweza kuwa dawa kuliko fundi wa sakafu. Angalieni pia bomba: kama jiko au bafu liko upande wa pili wa ukuta, fungeni koki zote za ndani usiku na msome mita. Ikisogea, mnalo bomba linalovuja.

Baada ya hapo pimeni zege. Inueni vipande vya kutosha kuacha uwazi wa kama sentimita 50 kwa 50, mweke karatasi ya nailoni nzito juu ya zege, mwizibe pande zote nne kwa utepe imara, mwiache siku mbili au tatu. Mkiifunua mkakuta matone upande wa chini, au zege imegeuka rangi kuliko inayoizunguka, bado kuna unyevu unaopanda. Rudieni kipimo hicho kwenye chumba kikavu ili muwe na cha kulinganisha. Fundi mzuri atakuwa na kipimo cha unyevu cha umeme. Mbao zikisoma karibu sawa na za vyumba vikavu, hapo ndipo msasa unaruhusiwa. Kukauka huko kunaweza kuchukua wiki, hata miezi. Msikimbilie kupasha joto kwa hita, mbao zitapasuka.

Kama unyevu unapanda kutoka ardhini katika nyumba nzima, na zege yote haina kizuizi chochote, nitabadili jibu langu. Hapo sakafu ya mbao, iwe ya zamani au mpya, itawasumbua daima, na kuing'oa, kuzuia unyevu na kuweka kitu kingine kutakuwa uamuzi wa busara. Lakini sakafu iliyokaa tangu miaka ya 1950 na kuharibika kona moja tu, karibu na mlango wa nje, inaelekea kunena habari ya maji ya mlango huo na si ya ardhi yote.

Weusi wa doa lenyewe: maji yakikutana na tanini ya mbao, pakiwepo hata chuma kidogo, hutoa rangi nyeusi inayozama ndani. Msasa huondoa sehemu ya juu. Kilichobaki hufifia kwa asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji ya moto na kupakwa kwenye mbao iliyo wazi, kisha ikasafishwa kwa maji safi mara kadhaa. Ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani, watoto wakae mbali, na unga wake ukikauka usipeperushwe. Ikishindikana, badilisheni vipande hivyo. Chukueni bisibisi mvichome kimoja kimoja. Kinachozuia ncha ni kizima hata kikiwa cheusi; kinachoingilika kimeoza au kimeliwa, na hakina msaada.

Vipande vya kubadilishia vipo nyumbani mwenu. Fungueni makabati ya ukutani vyumbani mtazame chini: kama fundi wa zamani alipanga pakei hadi ndani ya kabati, mna akiba ya mbao ileile, umri uleule, rangi ileile. Itoeni huko mwijaze mlangoni pa veranda, na ndani ya kabati wekeni ubao wowote. Ikiwa haitoshi, nendeni kwa wanaouza mbao za nyumba zilizobomolewa. Nyumba nyingi za zamani za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zinaangushwa kupisha maghorofa, na pakei zake huuzwa kwa bei ya kuondoa mzigo. Bebeni kipande chenu mkalinganishe upana na unene.

Vile thelathini vinavyocheza ukumbini visikutie hofu. Ukumbi hauna doa, kwa hiyo sababu inayowezekana zaidi ni uzee wa gundi. Wakati ule pakei ililazwa juu ya lami ya moto, na lami ikizeeka inakauka na kuachia. Kila kipande kiandikwe namba kwa chaki kabla ya kuinuliwa, kipigwe picha mahali pake, kwa sababu mpangilio wa mshazari unafungana kama ukili wa mkeka na kipande kikigeuzwa kinaacha pengo. Lami iliyoshika chini ya kipande na juu ya zege ikwanguliwe kwa mkono kwa patasi pana, si kwa grinda. Nasisitiza hili: baadhi ya lami na gundi nyeusi za miaka hiyo zilichanganywa na asbesto, na kuisaga kavu ni kuivuta mapafuni. Iloweshwe maji kidogo, ikwanguliwe, ifungwe kwenye mfuko. Gundi nyeupe ya seremala haishiki juu ya lami. Ulizeni gundi ya pakei ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa juu ya mabaki ya lami.

Lami hiyohiyo ndiyo inayonifanya nikwambie umweleze shemeji vizuri kuhusu vigae. Haki yake kutaka sakafu isiyomsumbua, na vigae vina sifa zake jikoni na bafuni. Ila makadirio mliyopewa, nakisia, yametaja vigae, saruji na kazi ya kulaza. Je, yametaja kung'oa pakei ya vyumba vitano? Kukwangua lami yote, kwa kuwa gundi ya vigae haishiki juu yake? Kusawazisha zege itakayochimbika? Skatingi, zile mbao za chini ya ukuta, zitakazovunjika, milango itakayokatwa au kuachwa ikielea, na taka za lami zitakazobebwa na lori? Mwombeni fundi wa vigae aandike kila kimoja na bei yake, kwa mita mraba, ndipo mlinganishe na bei ya kukarabati. Na lamineti, kama mtashawishiwa nayo, uso wake ni picha ya mbao iliyochapwa juu ya ubao wa unga uliogandamizwa. Ikichakaa haipigwi msasa, inatupwa. Maji yakiingia kwenye maungio inavimba. Kubadilisha pakei nzima kwa kitu hicho ni kushuka daraja kwa gharama yenu wenyewe.

Kipimo changu cha mwisho ni eneo. Vipande vilivyooza au kuliwa vikifika kama theluthi ya sakafu nzima, nang'oa, na vizima navikusanya kwenye chumba kimoja au viwili. Ninyi, kwa mlivyoeleza, mko mbali sana na hapo.

Sasa huyu fundi wa siku mbili. Vyumba vitano, vipande vya kugundisha, msasa wa hatua tatu au nne, vanishi mikono mitatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine: haiwezekani kwa siku mbili, labda aruke kitu. Muulize anatumia mashine gani. Akijibu kwamba ana grinda ya mkononi aliyoifunga msasa, mshukuru umwache aende. Ile inauma mbao na kuacha alama za nusu duara ambazo huzioni mpaka vanishi ikauke na jua la jioni lipite dirishani, na hapo zinaonekana zote. Unataka mwenye mashine kubwa ya kusukuma, mashine ndogo ya pembeni, na mashine ya kuzunguka ya kumalizia. Kwa pakei ya mshazari nyuzi za mbao zinaelekea pande mbili, kwa hiyo hatua ya kwanza hupigwa kwa pembe kuukata mpangilio, na ya mwisho ni ile ya kuzunguka, ili mikwaruzo isionekane upande wowote. Aanze na msasa namba 40 au, sakafu ikiwa tambarare, 60; kisha 80, kisha 100 au 120. Anayeruka kutoka 40 hadi 120 amekuibia kazi, maana mikwaruzo ya 40 inabaki chini ya vanishi.

Kabla ya mashine, nta yote iondolewe kwa tapentaini na vitambaa. Nta ikipashwa joto na mashine inayeyuka, inaziba msasa na kusukumwa ndani ya nyufa, na vanishi haishiki juu ya nta; itabanduka. Vile vitambaa vilivyolowa mafuta visirundikwe pembeni. Vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke au vitiwe kwenye ndoo ya maji. Wanaopiga msasa wavae barakoa halisi ya vumbi, kwani vumbi la mbao ngumu limethibitishwa kusababisha saratani ya pua.

Kwa muhugu naongeza jambo moja. Mafuta yake yanaweza kuchelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Fundi apake kwanza kipande kidogo ndani ya kabati, asubiri siku mbili, ajaribu kukikwaruza kwa ukucha. Kikiwa bado kinanata, mbao ifutwe kwa thina na ianze na mkono mwembamba wa kuzibia, au mtumie vanishi ya maji iliyotengenezwa kwa sakafu. Ya mafuta inaleta ule wekundu wa joto; ya maji inaacha rangi karibu na ilivyo na inakauka kwa saa chache. Mafuta ya nta ya kisasa nayo yanafaa, hasa mkiwa na watoto, kwa kuwa palipokwaruzika panapakwa hapo tu bila kugusa chumba kizima.

Chagueni wakati pia. Januari na Februari, au Agosti mwishoni na Septemba, ni bora Nairobi kuliko Aprili mvua ikimwagika. Kiangazi mtaona mianya midogo kati ya vipande. Msiijaze yote, mbao itavimba mvua ikirudi na itahitaji nafasi hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, fundi asizibe ule uwazi wa kama sentimita moja ulioachwa chini ya skatingi kuzunguka chumba.

Andikianeni na fundi: namba za msasa, aina ya vanishi, idadi ya mikono, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya kukagua mchana na tena jua likiwa chini. Soksi siku ya pili, fanicha baada ya siku kadhaa ikiwa na vitambaa miguuni, na zulia lisirudi kabla ya wiki mbili. Polishi ya nta ya mama isipakwe tena juu ya vanishi. Fagio laini na kitambaa kilichokamuliwa vizuri vinatosha.